Sheikh Al-Amin Mazrui: Mwanachuoni Aliyewafungulia Watoto Mlango kwa Kiswahili

Msomaji, ukitoka Malindi mjini na kushika barabara iendayo Kakuyuni na Jilore, muda si muda utajikuta Ganda. Ni nchi ya mikorosho, miembe na minazi, na wengi wa wenyeji wake ni Wagiriama. Miongoni mwao wako Waislamu, wengine kwa kuzaliwa na wengine kwa kusilimu wao au babu zao, ambao zamani wakijulikana kwa jina la mahaji. Baada ya sala ya alasiri, ukipita karibu na chuo, utasikia sauti za watoto zikipanda na kushuka pamoja. Wengine wako kwenye herufi, wengine kwenye Juzuu Amma, na wawili watatu walio wakubwa wamekaribia kuhitimu.

Mtoto huyo wa Ganda ana kazi kubwa kuliko tunavyofikiri sisi wazazi. Nyumbani husema Kigiriama na nyanya yake. Dukani na uwanjani husema Kiswahili. Skuli husomeshwa kwa Kiingereza. Kisha jioni hukaa kitako juu ya mkeka akasomeshwa Kiarabu.

Hiyo ni lugha ya nne, na tena si Kiarabu kile kisemwacho sokoni Maskati au Kairo. Ni Kiarabu fasihi, lugha ya Qur'ani na ya vitabu, ambayo hata mtoto wa Kiarabu hana budi kujifunza darasani, kwani nyumbani kwao husema Kiarabu cha mtaani kilicho mbali nacho.

Basi swali ni hili: mtoto huyu atafundishwa vipi lugha hii ya kale hata aielewe na kuipenda, badala ya kuikariri tu kama kasuku? Maana wako wengi katika sisi tuliohitimu chuoni, tukasomewa dua na wazazi wetu wakafurahi, lakini leo tukiulizwa maana ya sura fupi tunayoisoma kila siku katika sala, twatazamana.

Swali hili si geni katika pwani yetu. Alikuwako mtu aliyelikabili zaidi ya miaka tisini iliyopita, akalifanyia kazi kwa kalamu yake mpaka mwisho wa uhai wake. Mtu huyo ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

KUZALIWA KWAKE

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1891, sawa na mwaka 1308 Hijria. Ukoo wake wa Mazrui haukuwa mgeni kwa mtu yeyote wa pwani hii. Mazrui ndio waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, wakati Sayyid Said bin Sultan alipowaondoa. Waliobakia walitawanyika, wengine wakaenda Gazi upande wa kusini, na wengine wakaja huku kwetu kaskazini wakakaa Takaungu, karibu na Kilifi.

Lakini katika ukoo huo huo wa watawala na wapiganaji, ulikuwako mlango wa wanavyuoni. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mmoja wa mashekhe wakubwa wa Mombasa. Mwenyezi Mungu hakumjaalia kumlea mwanawe, kwani alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu.

Zama zenyewe zilikuwa zama za misukosuko. Mwaka 1895 Waingereza waliitwaa pwani kuwa chini ya himaya yao. Mwaka huo huo ugomvi wa urithi wa utawala wa Takaungu ukawasha vita vya Mbaruk bin Rashid, vilivyoendelea mpaka mwaka 1896 alipokimbilia upande wa Wadachi. Baada ya hapo reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara. Mtoto Al-Amin akawa anakua katika mji ambao nguvu zake za zamani zimevunjika, na nguvu mpya zinakuja na lugha nyingine na vitabu vingine.

KWA MASHEKHE

Yatima huyu alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni ambaye baadaye alishika ukadhi. Kwake ndiko alikopata misingi ya elimu ya dini na ya lugha ya Kiarabu.

Hakutosheka na ya Mombasa. Alikwenda Unguja, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa kitovu cha elimu katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Huko alisoma kwa vigogo wawili: Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, aliyekuwa Kadhi wa Unguja na mtu aliyesafiri nchi nyingi za Kiislamu, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa mashuhuri kwa kusomesha. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na kwa hakika pwani ilipata msiba mkubwa mwaka huo.

Aidha, Sheikh Al-Amin alikuwa msomaji wa magazeti ya Kiarabu yaliyokuja kwa meli kutoka Misri. Lililomwathiri zaidi ni al-Manar, lililoanzishwa Kairo mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Humo alisoma mijadala ya wanavyuoni waliokuwa wakijiuliza kwa nini Waislamu wamebaki nyuma, na jinsi elimu inavyoweza kuwainua tena.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti yake na wengi wa wakati wake. Yeye alikuwa na Kiarabu cha kutosha kuyasoma hayo yote na kuyafaidi peke yake. Angeweza kukaa na wanafunzi wake wachache, akaheshimiwa, akafa akiwa shekhe mkubwa. Lakini alitazama nje ya baraza, akaona watu wa mji ambao hawana ufunguo wa mlango huo.

HALI YA CHUONI

Tusiwavunjie heshima walimu wa chuo wa zamani. Kwa karne nyingi wao ndio waliohifadhi Qur'ani katika pwani hii, mara nyingi bila mshahara ila sadaka na ada ndogo. Mtoto alianza kwa herufi, akafuata fataha, kasra na dhuma, akaunganisha, akasoma juzuu, mpaka akauhitimu msahafu mzima. Matamshi yake yalikuwa safi, na moyo wake ulikuwa umeshikamana na dini.

Ila kwa wengi elimu iliishia hapo. Wachache walioendelea waliingia katika darsa, wakasomeshwa vitabu kama Safinatun Naja katika fiqhi na Ajurrumiya katika nahau. Ajurrumiya hiyo iliandikwa na Ibn Ajurrum wa Fez, Moroko, aliyefariki mwaka 1323, na mpaka leo inasomeshwa. Ni kitabu kifupi sana, lakini ufupi wake ndio ugumu wake, kwani kila sentensi yataka mtu wa kuifasiri.

Na ilifasiriwa vipi? Shekhe alisoma mstari wa Kiarabu, kisha akaueleza kwa Kiswahili. Basi Kiswahili tangu zamani kilikuwako katika elimu, lakini kilikuwako kwa ulimi tu. Maneno ya shekhe yaliruka hewani, na asiyekuwapo darasani siku hiyo hakuyapata. Mtoto wa shamba, mwanamke aliye nyumbani, mchukuzi wa bandarini, wote walikosa.

Ni kweli kwamba mashairi ya dini kwa Kiswahili yalikuwako. Hamziya ilikwisha tiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman karne kadhaa kabla yake, na tenzi zilisomwa Lamu, Pate na Mombasa. Lakini utenzi una lugha yake, tena ya kale, na si kila mtu aliyeusikiliza aliufahamu. Kilichokosekana ni maandishi ya kawaida, ya maneno ambayo mtu huyasema na mwanawe, yanayomweleza dini yake na dunia yake.

SAHIFA

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianzisha karatasi aliyoiita Sahifa, yaani ukurasa. Ilikuwa ndogo, lakini ndiyo inayohesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili. Ilitoka kwa Kiswahili cha Mombasa, na iliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Hapa nataka msomaji atue kidogo aifikirie busara ya jambo hili. Mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyehitimu chuoni alikuwa tayari anazijua herufi za Kiarabu. Alichokosa ni maana. Sheikh Al-Amin hakumwambia aanze upya. Alizichukua herufi zile zile ambazo mtu alizipata utotoni kwa bakora na machozi, akamwekea ndani yake lugha yake mwenyewe. Ghafla mtu yule aliyekuwa akisoma asielewe, akawa asoma na aelewa.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikienda njia nyingine. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Herufi za vitabu vya skuli zikawa za Kirumi. Hivyo Sahifa ilizaliwa mwaka ambao herufi za Kiarabu zilikuwa zikisukumwa kando. Mwenye kuandika kwa herufi hizo alikuwa akishindana na mkondo wa maji.

Mwaka 1932 Sahifa ikafuatwa na gazeti kubwa zaidi, al-Islah, maana yake matengenezo. Hili lilikuwa na Kiswahili na Kiarabu pamoja. Anayejua Kiswahili alipata haki yake, na anayetaka kupanda ngazi alikikuta Kiarabu hapo hapo.

Aliandika juu ya mambo gani? Aliwahimiza watu wasomeshe watoto wao, elimu ya dini na ya dunia. Aliandika kwamba mtoto wa kike naye apewe elimu. Alikemea ubadhirifu wa mali katika arusi na matanga. Aliwaonya vijana wasiige kila jambo la wageni bila kupima. Na alisikitika kuona Kiarabu kikipuuzwa katika masomo ya watoto wa Kiislamu.

Magazeti hayo hayakudumu. Al-Islah lilisita mwaka 1933. Lakini makala ya Sahifa hayakupotea, kwani mwaka 1944 yalikusanywa yakachapishwa kuwa kitabu, kwa jina la Uwongozi, mara hii kwa herufi za Kirumi. Tazama hapo: alipoona kizazi kipya cha skuli kinasoma Kirumi, hakukiacha nyuma. Aliyempenda msomaji humfuata alipo.

BATA, PATA NA MBATA

Kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kulikuwa na taabu moja ambayo vijana wa leo huenda hawaijui. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ch, wala v. Irabu zake ni tatu tu, na Kiswahili kina tano. Waandishi wa zamani walitumia herufi iliyo karibu, wakamwachia msomaji akisie.

Matokeo yake ni kuwa neno bata, yule ndege, na neno pata, na hata mbata, nazi iliyokauka, yote matatu yaliweza kuandikwa namna moja. Hali kadhalika una na ona, kuku na koko. Mtu mzima anayelijua shairi kwa moyo hakusumbuka. Lakini mtoto anayeanza kusoma, au mtu asiye mwenyeji wa maneno hayo, alipotea njia.

Kabla ya Sheikh Al-Amin, Mwalimu Sikujuwa bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikwisha kuanza kuzitengeneza herufi hizo zifae sauti za Kiswahili. Sheikh Al-Amin naye akaiendeleza kazi hiyo, akaweka alama za kuzipambanua sauti ambazo Kiarabu hakinazo.

Labda msomaji ataona kuwa hili ni jambo dogo, nukta tatu hapa na alama pale. Si dogo. Mwalimu anayemtakia mtoto mema humwondolea kila kijiwe kilicho njiani ambacho hakina faida. Ugumu wa elimu yenyewe unatosha.

KITABU CHA WATOTO

Baada ya magazeti alijitia zaidi katika vitabu vidogo na katika kusomesha. Miaka hiyo ya 1930 alianzisha Mombasa madrasa iliyopewa jina la Imamu al-Ghazali. Aliandika kitabu cha kuwafundishia wadogo, Hidayatul Atfal, maana yake uwongozi wa watoto. Aliandika pia Dini ya Islamu, ambacho kiliwaelezea watu wa kawaida misingi ya dini yao kwa lugha nyepesi.

Fikiri ni nani aliyekuwa akiviandika vitabu hivyo. Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mbele yake walikuja watu wa mirathi, wa ndoa na talaka, na mashauri ya wakfu. Ni mtu aliyekuwa na kila udhuru wa kusema kwamba hana wakati wa watoto wadogo, na kwamba kitabu cha mtoto na kiandikwe na mwalimu mdogo wa chuo.

Wala hakukosa uwezo wa kuandika yaliyo mazito. Historia ya ukoo wake, tangu walipoingia Mombasa, aliiandika kwa Kiarabu. Kazi hiyo ilikaa miaka mingi, hata mwaka 1995 ikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo hakuna mtafiti wa historia ya Mombasa anayeweza kuiacha. Mkono ulioandika historia ile ndio ulioandika kitabu cha kumfundisha mtoto. Hakuona kuwa anajishusha.

Hapa pana funzo. Mara nyingi tunadhani kuwa kumwandikia mtoto ni kazi ya mtu mwenye elimu ndogo. Kinyume chake ndiyo kweli. Asiyeijua bahari hawezi kumwonyesha mgeni pa kuvukia.

WAZUNGU NA KILATINI CHAO

Wasomaji wengine watauliza kama taabu hii ni yetu peke yetu. La. Wazungu nao walikuwa nayo kwa lugha ya Kilatini.

Kilatini ni lugha ya Warumi wa kale. Dola yao ilipoanguka, lugha yao ilibaki katika makanisa, mahakama na vyuo vya elimu vya Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu. Mtoto wa Kijerumani au wa Kiingereza aliyetaka kusoma hakuwa na budi kuanza nayo, ingawa nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyeisema. Akapewa kanuni za nahau akazikariri, na akikosea, fimbo.

Katika karne ya 17 alitokea mwalimu mmoja aitwaye Comenius, mzaliwa wa Moravia mwaka 1592, naye pia alikuwa yatima. Yeye alisema watoto hawapaswi kukaririshwa maneno ambayo hawajui ni ya vitu gani. Mwaka 1658 kitabu chake kilitoka mjini Nuremberg, Ujerumani, kikiwa na picha za vitu vya kila siku: ndege, moto, nyumba, mwokaji mikate na jahazi. Kila kitu katika picha kilitiwa nambari, na chini yake pakawekwa jina lake kwa Kilatini upande mmoja, na kwa Kijerumani upande wa pili. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa lugha nyingi na kikatumika kwa miaka mingi.

Sisemi kuwa Sheikh Al-Amin alimwiga Comenius. Wala Kilatini si sawa na Kiarabu kwetu sisi, kwani Kiarabu ni lugha ya Qur'ani, na hadhi yake kwa Mwislamu haina mfano. Ninachosema ni kuwa walimu wawili walioachana kwa karne tatu na kwa dini, waliifikia njia moja: lugha ya kale hufunguliwa kwa lugha ya mama.

Tena angalia yaliyowafika Wazungu. Katika nchi nyingi za Ulaya, Kilatini kimebaki kwa wachache. Lugha za kienyeji zilipokua na kupata vitabu vyao, watu waliona hawana haja tena ya lugha ya kale. Mlango ulifunguliwa, kisha watu wakasahau kuingia.

LAWAMA ZA PANDE MBILI

Hatari hiyo ndiyo inayotukabili na sisi, na Sheikh Al-Amin aliishi katikati yake. Upande mmoja wako wanaohofu kuwa dini ikielezwa kwa Kiswahili itashuka heshima, na kila mtu atajifanya shekhe. Upande wa pili wako vijana wanaosema: ikiwa vitabu vipo kwa Kiswahili na Kiingereza, basi Kiarabu cha nini?

Jibu lake liko katika kazi yake. Aliandika kwa Kiswahili ili watu waelewe, na papo hapo akaendelea kuhimiza Kiarabu kisomeshwe. Kwake Kiswahili kilikuwa mlango, na mlango hautengenezwi ili mtu asimame kizingitini.

Ni haki kusema pia kuwa si wote waliokubaliana naye. Baadhi ya makala yake juu ya mila na bidaa yalizusha hitilafu na wanavyuoni wengine, na mengine katika hayo yanajadiliwa hata leo. Makala haya si mahali pa kuyaamua. Lakini katika jambo la kumfanya mtoto aelewe anachosoma, sidhani kuwa yuko mzazi wa kumpinga.

WALIOMFUATA

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1947, sawa na mwaka 1366 Hijria, akiwa na umri wa miaka 56. Alikuwa ameanza tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, wala hakujaaliwa kuimaliza.

Kazi hiyo ilishikwa na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 mpaka 1968, na baadaye akatoa gazeti la Sauti ya Haki. Sehemu ya kwanza ya tafsiri ile, Alfatiha na Albakara, ilichapishwa Nairobi mwaka 1980.

Mwingine aliyefuata nyayo hizo ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye alimrithi Sheikh Muhammad Kasim katika ukadhi mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ya Qur'ani, iliyotoka mwaka 1969, iko katika nyumba nyingi za Waislamu kutoka Lamu mpaka Kilwa. Masheikh hao wawili, Muhammad Kasim na Abdallah Farsy, walifariki mwaka mmoja, 1982.

Na yuko mwanawe wa kuzaa, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933. Babake alitaka akasome Al-Azhar, Misri, lakini alimwacha akiwa na miaka 14, na mambo yakachukua njia nyingine. Akawa mwalimu wa chuo kikuu Makerere na kisha Marekani, akajulikana duniani kote. Alifariki mwaka 2014, akaletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome ya Yesu.

Ama Sahifa, mwaka 2017 makala yake yalichapishwa tena Uholanzi pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako. Karatasi ndogo ya Mombasa sasa inasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya. Ni jambo la fahari, lakini pia la kujiuliza: je, inasomwa Malindi? Inasomwa Ganda?

TURUDI GANDA

Basi tumrudie mtoto wetu wa alasiri. Tunaweza kumfanyia nini, kwa njia ya Sheikh Al-Amin, bila gharama kubwa?

La kwanza, tumwonyeshe kuwa Kiarabu tayari kimo kinywani mwake. Mtoto wa Ganda anajua kitabu, katibu na maktaba. Mwalimu amwekee maneno hayo matatu ubaoni, amwulize herufi zipi zinarudi katika yote. Ataona kafu, ta na ba. Kisha amwulize juu ya hukumu, hakimu na mahakama. Ataona ha, kafu na mimu. Kwa dakika kumi atakuwa ameigundua mwenyewe siri kubwa ya Kiarabu, kwamba maneno yake huzaliwa kutoka katika shina la herufi tatu.

Aende mbele kidogo. Maktaba, mahakama, madrasa: yote ni mahali, na yote yameanza na ma. Katibu, hakimu, tajiri: wote ni watu watendao kazi fulani, na sura ya maneno yao ni moja. Hiyo ndiyo ilimu ya sarufi, ambayo hata jina lake tumelitoa katika Kiarabu. Mtoto ameipata kwa maneno ya nyumbani, kabla ya kuogopeshwa na kitabu.

La pili, kila sura fupi anayohifadhi apewe maana yake siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, na kama mwalimu ni mwenyeji, hata kwa Kigiriama. Kama Kiswahili hakikuvunja heshima ya elimu mbele ya Kadhi Mkuu, Kigiriama hakitaivunja.

La tatu ni letu wazazi. Usiku huu, mtoto akirudi chuoni, tusimwulize tu amefika wapi katika msahafu. Tumwulize maana ya aya moja. Asipojua, na sisi tusipojua, tutafute pamoja. Hapana aibu katika hilo, ila kuna aibu katika kunyamaza.

Sheikh Al-Amin aliachwa yatima wa miaka mitatu katika mji ulioshindwa vitani, na bado akapata watu wa kumfungulia mlango. Alipokuwa mkubwa hakuufunga nyuma yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi tuliobaki tusiwaache watoto wetu wamesimama nje.